Homa ya Mwenye Mrija

Ni wiki ya tatu sasa tangu nistaafu, sijashika brashi ndefu ya kusafishia kamera ya tumbo. Mwenzenu aliyepokea kabati langu alikuja nyumbani Ilala, akanywa chai, akaniambia, "Mzee, tuandikie. Vitabu vinaeleza namna ya kuweka mrija. Havielezi namna ya kumpata mtu Kariakoo mrija wake ukiziba." Nilicheka, lakini alipoondoka nilikwenda kununua daftari. Mimi ni mtu wa darasa la saba. Majina marefu ya madaktari nimeyasikia miaka yote na sitayaandika, nisije nikayaharibu. Nitaandika niliyoyaona, na yale niliyoyakosea mwenyewe.

Niliingia kazi hii kwa sababu ya kukosa nyingine. Kiwanda cha nguo nilichokuwa nikifanya kazi kilipata mwekezaji, naye alizipenda mashine, sisi hakutupenda. Ilikuwa miaka ya ruksa. Madukani vitu vilijaa, viwandani watu walipungua, na hospitali za watu binafsi zikaruhusiwa tena. Kaka yangu Shabani alikuwa mkata vitambaa katika duka la Wahindi pale Kariakoo, duka ambamo kijana wao, Harish, alikulia chini ya meza ya vitambaa. Shabani ndiye aliyekuwa akimvusha barabara kwenda shule. Harish akasoma, akawa daktari wa tumbo, akarudi kutoka Bombay na kufungua hospitali ndogo ya ghorofa mbili katikati ya mji. Shabani akaenda kumwambia, "Mdogo wangu hana cheti, lakini hana haraka." Daktari akajibu kwamba mtu asiye na haraka ndiye anayemtafuta.

Siku ya kwanza nilidhani nitapewa ufagio. Sista Kalista, muuguzi mkuu wa chumba kile, alinipa kitu kirefu cheusi kama nyoka mwenye taa kichwani. Kamera yetu ya kwanza ilikuwa mtumba kama viatu vya Mchikichini, tofauti ni kwamba hii hukuweza kuijaribu kabla ya kununua. Jicho lake linatazama ubavuni, halitazami mbele, kwa sababu tundu la njia ya nyongo liko ubavuni mwa utumbo, karibu na pale tumbo linapoishia.

"Unaona hii shingo?" Sista aliniuliza.

"Naiona, Sista."

"Ukiikunja, nakukunja."

Wiki mbili sikufanya kitu kingine. Brashi ndani ya tundu, maji ya sabuni, maji safi, kisha dawa ya kuulia vijidudu, ile iliyokuwa ikituchoma macho mpaka wagonjwa wakadhani tumefiwa. Nilipomuuliza Sista kwa nini nirudie mara tatu kitu kilichokwisha takata, alinijibu, "Kwa sababu wewe hutamezeshwa." Sijapata maelezo bora kuliko hayo, na nimewapa wote niliowafundisha.

Sasa mrija. Nyongo hutoka kwenye ini, ikapita njia yake, ikaingia utumboni. Njia hiyo ikizibwa na jiwe au ikibanwa, nyongo hurudi nyuma. Macho huwa ya njano, mkojo huwa kama chai ya rangi, choo hupauka kama udongo, na mwili wote huwasha. Daktari hupitisha kimrija cha plastiki kupitia kamera, chembamba kuliko kalamu ya risasi, kikashikilia njia iwe wazi. Mgonjwa hunawiri siku chache tu baadaye, na taabu huanzia hapo hapo. Akinawiri hujiona amepona. Lakini plastiki ndani ya nyongo huota utando, utando hukamata uchafu, na baada ya miezi mitatu hivi mrija umejaa. Wakati mwingine hujaa kabla ya hapo. Niliwahi kupasua mmoja kwa wembe nione ndani. Ulikuwa umejaa kitu kama mashapo ya kahawa iliyochemshwa mara nyingi. Tangu siku hiyo nilielewa kwa nini daktari alisema kubadilisha ni sehemu ya kuweka.

Kongosho nalo lina mrija wake, mwembamba zaidi. Kongosho ni kiungo chenye kisirani. Ukiligusa tu linavimba, na mgonjwa anainama kwa maumivu, hali chakula, anaishi kwa dripu. Miaka ya baadaye daktari alianza kuacha humo kimrija cha siku chache, kisicho na ndoano ya ndani, ili kilinde njia kisha kidondoke chenyewe. Baada ya wiki moja au mbili tulipiga eksirei. Kikiwa bado kipo tulikitoa, maana kikikaa sana kinaumiza njia hiyo hiyo kilichokuja kuilinda. Fundi mmoja wa baiskeli alikuja na kitu amekifunga kwenye gazeti, mkononi kama mtu aliyebeba ushahidi. "Daktari, spea yako imetoka," akasema. Daktari alifurahi, akamwambia ilikuwa itoke. Fundi hakufurahi hata kidogo. Alitaka irudishwe, na alituona mafundi wabovu mpaka alipoondoka. Kwa hiyo tangu mwanzo mweleze mtu ana mrija upi, wa kudondoka au wa kukaa. Wa nyongo ukihama au ukidondoka si habari njema, na asingoje mpaka aone njano.

Nimefika mahali ambapo ningependa kupita upesi, lakini ndipo hasa palipo na faida kwenu.

Mwaka wangu wa nne kazini, Shabani alianza kuwa wa njano. Lilikuwa jiwe kubwa, halikutoka siku hiyo, na njia ilikuwa imebanwa chini yake. Daktari Harish alimwekea mrija kwa mikono yake, na mimi ndiye niliyeshika waya wa kuuongozea. Shabani alipoamka alisema, "Nimekuvusha barabara na wewe umenivusha, tumemalizana." Daktari akamwambia hawajamalizana, arudi baada ya miezi mitatu. Akarudi kwenye mkasi wake na vitambaa vyake, akanenepa.

Mwezi wa pili ulipokuwa unakwisha alipata homa. Alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Nyinyi vijana hamkumbuki vizuri, lakini wakati ule homa ya kutetemeka Dar es Salaam ilikuwa na jina moja tu, malaria, na malaria ilikuwa na dawa moja, klorokwini. Hatukuhitaji daktari kutuambia. Nilikwenda mwenyewe duka la dawa nikamnunulia vidonge. Mimi, mtu wa chumba cha mirija, niliyekuwa nimepasua mrija ulioziba kwa wembe. Homa ilipokuwa ya ndugu yangu nikawaza kama kila mtu wa mtaani.

Siku ya pili alikuwa anajikuna kila mahali. Na hilo pia lilikuwa na maelezo, maana nani asiyejua muwasho wa klorokwini? Ulitupata nusu ya mji. Watu walimeza vidonge wakajikuna viganja na nyayo siku mbili wakitania. Tulimtania. Alisema, "Dawa inafanya kazi, inanikwangua malaria." Chumba chake kilikuwa cha ndani, pazia zito, mchana unaonekana kama jioni, kwa hiyo hatukuyaona macho yake vizuri. Asubuhi ya siku ya nne mkewe alinitumia mtu kazini. Tulimtoa uani kwenye jua na nikaona njano ile. Usaha ulikuwa umeshaingia kwenye damu. Daktari alimbadilishia mrija saa ile ile, na Shabani akafariki siku ya pili yake mchana, akiwa wodini kwetu.

Daktari Harish alikaa mkekani msibani siku zote tatu. Hakuniuliza kitu. Siku niliporudi kazini nilimwambia, "Vidonge nilinunua mimi." Akasema, "Na mimi nilimwambia arudi miezi mitatu. Sikumwambia arudi akipata homa. Niliona anajua kwa sababu ana ndugu hapa." Sista Kalista, aliyekuwa akipanga shuka, hakutufariji. Alisema tu, "Basi wanaofuata waambiwe."

Nilikaa na jambo hilo muda mrefu. Muwasho wa klorokwini na muwasho wa nyongo unafanana ukiutazama, lakini haufanani ukiuuliza. Wa vidonge huja baada ya vidonge, siku hiyo au ya pili yake, na huondoka wenyewe. Wa nyongo huwa umekwisha fika kabla ya kidonge cha kwanza. Mke wa Shabani alikuja kunieleza, tulipokuwa tunakunja nguo za marehemu, kwamba mumewe alianza kujikuna siku mbili kabla ya homa. Hakuna aliyemuuliza. Mimi sikumuuliza.

Kutokana na hayo tulibadilisha utaratibu. Kila anayetoka na mrija tulimwambia mbele ya mtu mwingine kwamba homa ya mwenye mrija ni ya mrija mpaka ithibitishwe vinginevyo, apime malaria akipenda, lakini apimie kwetu. Mwanzo tulimwambia mbele ya ndugu wa nyumbani. Haikusaidia sana, kwa sababu mfanyabiashara wa Kariakoo hutoka nyumbani kabla ya mwanga na kurudi baada ya mwanga. Anayemwona usoni juani siku nzima ni jirani wa meza. Kwa hiyo nikaanza kuomba aje jirani wa meza. Nikamfundisha kutazama weupe wa macho, na mambo mawili ya kuuliza: mkojo una rangi gani, na muwasho ulianza lini. Daktari alicheka kidogo, kisha akanipa Alhamisi mchana wote niwe napita sokoni kuwatazama watu wetu. Kwenye kadi tuliandika na jina la mtaani, maana ukimtafuta Zaituni binti Mfaume pale Kariakoo utazunguka mpaka jioni, lakini ukimtafuta Bi Zaituni wa Bizari utaelekezwa na mpagazi mwenye gunia kichwani bila kusimama.

Huyo ndiye ninayetaka kuwaeleza. Bi Zaituni aliuza viungo vya chakula kwa jumla, na viganja vyake vilikuwa vya njano miaka yote kwa sababu ya bizari. Alikuwa na mawe makubwa ya nyongo. Daktari alimwekea mrija ili nyongo ipite na mawe yasuguliwe pole pole, yapungue, ajaribu tena kuyatoa. Jirani yake wa meza alikuwa Mzee Kibwana, muuza chekecheke na vinu, mtu wa maneno mengi. Nilipomfundisha aliniuliza, "Kwa hiyo nimtazame macho kila siku? Mume wake marehemu hakuruhusiwa kumtazama hivyo."

Ilikuwa Alhamisi, siku chache kabla ya mfungo, Kariakoo haipitiki, kila mtu ananunua tangawizi na iliki. Kabla sijafika kwenye meza Mzee Kibwana alinivuta mkono.

"Mtu wako ana homa tangu juzi. Nimemwambia, ananiambia niuze vinu vyangu."

Bi Zaituni alikuwa amekaa juu ya gunia, amejifunika kanga mbili kwenye jua lile, huku akipima pilipili manga. Binti yake Rehema alikuwa akifunga mizigo.

"Shikamoo, Bi Zaituni."

"Marahaba. Usianze. Ni malaria, nimeshameza dawa."

"Umemeza lini?"

"Jana asubuhi. Na leo. Imebaki ya kesho, nimalize dozi, Jumamosi nitakuja kwako unitazame mpaka uchoke."

"Anajikuna pia," Mzee Kibwana akasema.

"Ni klorokwini, Kibwana. Kwani wewe hujapata kujikuna?"

"Nimejikuna. Lakini sijawahi kumeza bomba."

Rehema alicheka, mama yake hakucheka. Nilimwomba afungue macho kuelekea juani. Yalikuwa na njano kidogo sana, ya kubishaniwa, na mwenyewe alibisha, akasema ni vumbi la bizari. Nilimwuliza habari ya mkojo, akanitukana kwa adabu. Basi nikauliza lile la mwisho.

"Muwasho ulianza lini, Bi Zaituni?"

"Si nimekwambia, dawa."

"Siku gani?"

Alianza kuhesabu siku kwa vidole vyake vya njano. Rehema ndiye aliyejibu, kamba ya mzigo ikiwa bado mdomoni. "Mama, Jumapili usiku ulinituma nikuletee mafuta ya nazi. Ulisema mgongo unakuwasha."

Jumapili usiku, na vidonge Jumatano asubuhi. Nilimwambia tuondoke sasa hivi. Alisema hawezi, mteja wa Morogoro anafika saa nane, gari lake limeshapakia vitu vya wengine. Alisema kesho. Niliona namna alivyokuwa akitetemeka huku akijitahidi kushika mizani isitingishike, na nilijua kesho itakuwaje.

Sikuwa na elimu ya kumshinda kwa maneno. Nilikaa kwenye gunia la pili nikamwambia kitu ambacho sikuwa nimemwambia mgonjwa yeyote.

"Nilikuwa na kaka, Bi Zaituni. Alikuwa na mrija kama wako. Alipata homa kama yako, akajikuna kama wewe. Vidonge nilimnunulia mimi, kwa mkono huu. Tulimngoja amalize dozi. Tumemzika."

Alinitazama.

"Wewe unafanya kazi hospitali," Bi Zaituni akasema pole pole.

"Ndiyo. Nilikuwa nafanya kazi pale pale."

Aliweka mizani chini. "Rehema, mteja wa Morogoro mpe gunia la kushoto, la kulia lina mawe." Kisha akanyoosha mkono nimwinue, na hakuweza kusimama.

Gari lisingepita mtaa ule hata kwa amri ya mahakama. Mzee Kibwana alimwita mtu wa mkokoteni, akamwaga vinu vyake chini, tukamweka Bi Zaituni juu ya magunia matupu. Yule wa mkokoteni alipiga mluzi na kupaza sauti, "Mgonjwa, mgonjwa, ondoa miguu," na Kariakoo, ambayo haimpishi mtu, ilipisha. Mmoja aliuliza, "Bi Zaituni, umeuzwa kwa jumla au rejareja?" Naye, akiwa amefumba macho, alijibu, "Kwa jumla, huna mtaji." Nilipomsikia anajibu nilipata nguvu ya kusukuma.

Daktari Harish hakumngojesha. Dripu, dawa ya kuua vijidudu, na kabla ya saa kumi alikuwa mezani. Umeme wa mgao ulikatika kamera ikiwa kooni mwake. Hatukuisogeza mpaka jenereta ikaamka, Sista Kalista akimshikilia taya na kuongea naye kama mtoto. Mrija wa zamani ulikuwa umeziba mpaka juu. Daktari aliunasa kwa kitanzi, akauvuta, na nyuma yake ukaja usaha mzito, ukifuatiwa na nyongo nyeusi, nyingi, kama mfereji uliozibuliwa baada ya mvua. Daktari alisema neno moja la Kigujarati nisilolijua, akaingiza mrija mpya. Nilishika waya.

Asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Bi Zaituni aliuliza kwanza habari za gunia la kulia, kisha akataka kuuona mrija uliotoka. Nilimpasulia kwa wembe mbele yake. Aliutazama kwa muda mrefu, mtu anayejua kukagua bidhaa. "Na mimi nilikuwa nautibu huu kwa vidonge," akasema.

Miezi michache baadaye daktari aliingia tena. Mawe yalikuwa yamesagika, akayafagia yote, na mrija ukatolewa bila kuwekwa mwingine. Wachache sana hufika hapo, na siku kama hiyo hata Sista Kalista alikuwa akitununulia maandazi.

Bi Zaituni alifanya dua nyumbani kwake, akatualika wote. Palikuwa na pilau, na kwa kuwa Daktari Harish hali nyama, aliwekewa sahani yake ya wali wa nazi na mchicha, na Mzee Kibwana akakaa karibu naye akimlinda asikosewe. Baada ya kisomo shehe alifungua karatasi ya majina ya kuombewa: mume wa Bi Zaituni, wazazi wake, dada yake. Halafu akasoma, "Shabani bin Omari." Nilidhani ni Shabani mwingine. La kaka yangu Kariakoo walilijua; la baba yetu Rehema alikuwa ameniuliza wiki iliyotangulia, mlangoni pa hospitali, na mimi nilifikiri ni mambo ya kadi.

Nilimtazama daktari. Hakuwa akijua Kiarabu, lakini jina alilisikia, na aliweka kijiko chini. Wengine walipoinua mikono tuliinua sote, na yeye akainua, tukaitikia amina.

Kesho yake nilifika saa moja kasoro. Palikuwa na wagonjwa wawili wa kubadilishiwa mirija, mmoja wao muuza viatu wa Mchikichini aliyeletwa na jirani yake wa meza, bado hajapata hata homa, anajikuna tu. Nilijaza beseni maji ya sabuni, nikaanza kupiga brashi.